Mgeni wa Projestus Apokelewe Wapi?

Waliipaka rangi Jumapili asubuhi, mwenye nyumba akiwa kanisani. Hilo ndilo lililomchoma Kokushubila kuliko yote. Kama ni kuiba, si wangekuja usiku kama wezi wengine? Hawa walikuja kweupe na ndoo na brashi, wakaandika ukutani, kati ya mlango na dirisha, kwa herufi nyekundu: NYUMBA HII INAUZWA. MNADA JUMAMOSI. Chini wakaandika jina lao, NGUZO AKIBA NA NYUMBA, BUKOBA, na kando wakachora kanguzo kadogo, ati watu wasije wakadhani ni kampuni nyingine.

Kokushubila alisimama uani na kitenge chake cha misa, kitabu cha nyimbo kwapani, akasoma, akarudia kusoma. Kisha mikono ikapanda kichwani yenyewe.

"Maawe! Mimi nimekopa lini?"

Hakukopa. Tuliseme mapema, watu wasianze kumhurumia nusu nusu. Aliyekopa ni shemeji yake Projestus, mdogo wa marehemu mume wake, na alikopa ili amalizie nyumba yake, ile ndogo iliyojificha nyuma ya migomba. Dhamana aliyoahidi ni nyumba hiyo hiyo ndogo. Akachelewa kurejesha, kama wanavyochelewa watu. Mpaka hapo hakuna ajabu. Ajabu ni kwamba nyumba iliyopakwa rangi ni ile kubwa ya mbele, aliyoijenga Rwekaza mume wa Kokushubila, na Rwekaza mwenyewe amelala pale pale uani, kwenye kaburi la vigae vyeupe linalofagiliwa kila asubuhi. Mnada ukipita, mama huyu angeondoka na godoro lake, na mumewe angebaki kulala kwa mnunuzi.

Ilikuwaje? Ilikuwa hivi, na sikilizeni vizuri maana ni upuuzi mtupu.

Huko Kamachumu, wilaya ya Muleba, ndugu wakikaa kwenye kibanja kimoja, mgeni hapokelewi kwa mdogo wakati nyumba ya mkubwa imesimama. Awe mgeni wa nani, awe amekuja kudai, kuposa au kuuliza njia, anapelekwa nyumba kubwa. Hapo atapewa kiti, atapewa kamwani, ile kahawa ya kutafuna ndani ya kijikapu chake chenye kifuniko, ndipo mazungumzo yaanze. Kwa hiyo mthamini wa Nguzo alipokuja mwaka jana kuitazama nyumba ya Projestus, Projestus alimpokea njiani kwa adabu zote na kumpeleka wapi? Kwa shemeji yake. Na Kokushubila, jamani, ndiye aliyempikia ndizi na samaki! Ndiye aliyemwambia Projestus, "Shemeji, kaa karibu na mgeni wako, usimwache peke yake kama mgonjwa." Mthamini akala, akashukuru, akapiga picha sebule, paa, madirisha na kisima, akaondoka ameshiba. Nyumba ya nyuma hakuiona hata bati lake moja.

Jumatatu, Kokushubila na Projestus walikuwa Bukoba mjini, mbele ya meza ya malalamiko ya Nguzo. Nyuma ya meza alikaa binti mmoja anaitwa Lilian, nadhifu, mwenye sauti ya upole ya mtu aliyefundishwa upole kwenye semina.

"Mama, wewe ni mteja wetu?"

"Mimi? Mungu apishe mbali."

"Basi huwezi kulalamika, mama. Wanaolalamika ni wateja."

"Nyumba ni yangu!"

"Pole sana. Lakini kwenye mfumo hauko."

Kokushubila akamsukuma shemeji yake mbele. Projestus ni mtu mwema, lakini akiwa mbele ya meza ulimi humgeuka ubao. Akasema nyumba ile si yake, ni ya shemeji. Lilian akageuza kompyuta, na pale kwenye kioo alionekana Projestus ameketi kwenye kochi la Kokushubila, kijikapu mkononi, akimkaribisha mthamini huku ametabasamu mpaka masikioni.

"Huyu anayekaribisha ni nani?"

"Ni mimi."

"Mtu anakaribisha mgeni kwenye nyumba isiyo yake?"

"Ndiyo," alisema Projestus.

"Na wageni wako wengine unawapokea wapi?"

"Hapo hapo."

"Wote?"

"Wote, waitu," alisema Projestus kwa heshima ya Kihaya.

Lilian alifunga jalada. Alisikitika kweli, haikuwa unafiki. Lakini kamati ya kupitia malalamiko mwenyekiti wake alikuwa yule yule mthamini, na mthamini alishasema nyumba ni ile, alikula ndani yake. Aliwaelekeza jengo la pili, kwenye Ofisi ya Usuluhishi Huru, inayosikiliza wateja waliogombana na wakopeshaji wao. "Wale hawako upande wetu," alisema, kisha akaongeza kwa haraka, "wala upande wenu."

Msuluhishi aliitwa Anatory Kahangwa, mzaliwa wa Kashozi anayeishi Nyanga, mtu mwembamba mwenye koti pana. Alikuwa huru kupita kiasi. Ofisini mwake viti vya walalamikaji na vya wakopeshaji vililingana mpaka miguu, na dirisha alilifungua katikati kabisa ili upepo usimwelemee mtu. Aliwasikiliza, akaandika, akasema atakuja mwenyewe Alhamisi kuitazama nyumba, na Nguzo nao watume mtu wao.

"Tutakupikia," alisema Kokushubila.

"Hapana!" Kahangwa aliruka kama aliyekanyaga siafu. "Mama, sipokei kitu. Si chakula, si maji, si kiti. Nikipokea tu, uamuzi wangu umeoza."

Kokushubila alicheka. Alidhani ni maneno ya adabu, anayosema kila mgeni kabla hajala.

Alhamisi Kahangwa alishuka kwenye bodaboda akiwa amekumbatia stuli yake ya plastiki, chupa ya maji yake inaning'inia mkononi. Lilian alikuwa ameshafika kwa gari la ofisi. Projestus aliwapokea wote njiani na, bila kufikiri, akawapeleka nyumba kubwa. Lilian akaketi kwenye kochi. Kahangwa akaweka stuli yake kizingitini akaketi, miguu miwili nje na mgongo ndani, hata mbu wakashindwa kujua yuko upande gani.

Kokushubila alitoka na kijikapu, akapiga magoti kidogo kama inavyopasa, akamnyooshea msuluhishi.

"Karibu, baba."

"Ahsante, mama. Sitachukua."

Jamani! Projestus alitazama chini. Huyu Kahangwa si mgeni wa kutoka mbali, ni Mhaya wa Kashozi, anajua fika kukataa kamwani ni kumdharau mwenye nyumba. Na mate yalikuwa yanamjaa mdomoni, kila mtu aliona koo linavyopanda na kushuka.

"Hutachukua?"

"Siruhusiwi."

Kokushubila akarudi, akaketi, akakunja mikono.

"Haya mama, tueleze malalamiko yako."

Kimya.

"Mama?"

"Mtu aliyekataa kahawa yangu," alisema Kokushubila akiutazama ukuta, "nitamwambia nini? Nimsimulie habari za mume wangu na kaburi lake, yeye kahawa yangu imemshinda? Sina maneno."

"Mama, mnada ni keshokutwa!"

"Uje."

Projestus alimsihi. Kahangwa alimsihi, akamsomea kanuni. Hata Lilian, ambaye ndiye upande wa pili na alipaswa kufurahi, alimsihi, huku mdomo umejaa kahawa, maana yeye alipewa akapokea na alikuwa anatafuna kwa raha zake. Kokushubila hakubanduka. Alijua nyumba inamponyoka. Lakini kuna mambo mtu hawezi, na kuongea na mgeni aliyemkatalia ni mojawapo. Hasira ilimpanda, na machozi juu yake.

Msuluhishi alijikuna kichwa, akatembea uani, akasimama kaburini kwa Rwekaza kama anayemwomba ushauri, akarudi. Alitoa bahasha ya kaki mfukoni.

"Mama, nipe."

Kokushubila akanyoosha kijikapu kwa haraka. Kahangwa akachota punje chache, akazitia ndani ya bahasha, akalamba gundi, akaifunga, akaandika juu: ISITAFUNWE MPAKA JALADA LIFUNGWE. Akapiga muhuri.

"Nimepokea," alisema. "Ila sijala. Sasa na Nguzo wanipe kitu, mizani ikae sawa."

Lilian alipekua mkoba wake wote, akapata kalamu yenye nembo ya kanguzo. Nayo ikatiwa bahasha yake, ikapigwa muhuri wake. Kokushubila akavuta pumzi ndefu, na maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililozibuliwa. Alieleza Rwekaza alivyofyatua matofali, alivyougua, alivyosema azikwe pale ili aendelee kusikia wageni wakiongea sebuleni. "Mkinitoa mimi, mtamwambia nini yeye? Kwamba nimemwacha?" Kisha akakumbuka mthamini. "Ndizi zangu alizila, samaki wangu alimla, leo ananiuza!"

Kahangwa aliandika yote. Kisha akamgeukia Projestus.

"Bwana Projestus, mimi ni mgeni wako. Nipeleke nyumbani kwako."

"Ndiyo, waitu," alisema Projestus, akainuka.

Wakatoka. Projestus mbele, Kahangwa na stuli yake, Lilian na viatu vyake vya mjini. Wakazunguka kaburi, wakapita chini ya mti wa kahawa, wakaukaribia mgomba ambao nyuma yake nyumba ndogo ilishaanza kuonekana. Hapo miguu ya Projestus ikakata kona yenyewe, ikapita kando ya kisima, ikawafikisha mlango wa mbele wa nyumba kubwa.

"Karibuni sana," alisema Projestus.

Na Kokushubila, kwa mazoea yake ya miaka yote, akainuka na kijikapu.

"Bwana Projestus, hapa tulikuwepo."

"Eh! Nisameheni."

Wakaanza tena. Safari hii Lilian alisema atatangulia yeye, Projestus amwelekeze kwa maneno. "Kulia," alisema Projestus. "Kulia tena. Pita hapo kisimani. Eeh, hapo, karibu ndani." Lilian alijikuta mbele ya kochi lile lile. Akaanza kucheka, akajizuia, akakumbuka yuko kazini.

"Nini kinakupata wewe?" Kahangwa alimkemea. "Huijui nyumba yako?"

"Naijua." Projestus alikuwa ametota jasho, karibu kulia. "Kulala naijua. Lakini mgeni... miguu haikubali. Nimpeleke mgeni kwangu, kaka yangu yuko pale amelala ananisikia? Nitaonekana nimejikweza."

Basi Kahangwa akaenda peke yake. Alichukua stuli, akavuka migomba, akaifikia nyumba ndogo ambayo upande mmoja ulipigwa plasta na mwingine bado, akabisha hodi. Ndani palikuwa na Jovina, mke wa Projestus. Tangu aolewe hakuna mtu aliyewahi kubisha hodi mlango ule. Watoto wa jirani huingia tu, mbuzi naye huingia tu.

"Hodi!"

Sauti ya Jovina ikajibu, ya woga: "Nani?"

"Mgeni."

"Umekosea njia, baba. Hapa si kwa wageni. Nenda nyumba kubwa, kwa Mama Evelyne, ndipo wanapopokelewa."

"Mimi ni mgeni wa Projestus."

"Ndiyo, hao hao. Wote ni kule."

Kahangwa aligeuka. Lilian alikuwa amefika nyuma yake na amesikia yote, kisigino kimoja kimezama kwenye udongo. Akaitazama ile plasta ya nusu, akamtazama mbuzi aliyechungulia dirishani, akatoa simu akapiga picha. "Mungu wangu," alisema taratibu. "Hii hatuwezi kuipaka rangi hata. Inauzwa kwa nani?"

Uamuzi ulisomwa pale pale uani, wote wamesimama. Nyumba kubwa si dhamana ya mtu. Mnada umekufa. Nguzo wafute maandishi yao kwa gharama yao, na wakae na Projestus wapange upya marejesho anayoyaweza, kwa kuwa dhamana yake halisi hawajawahi hata kuitazama. Kokushubila alipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Alimkumbatia Jovina, akamkumbatia Lilian, akamfuata na Kahangwa, ambaye alirudi nyuma kwa kuhofia uamuzi wake kuoza.

"Bado kipengele cha mwisho," alisema Kahangwa.

"Soma, baba, soma!"

"Kuanzia leo, mgeni wa Projestus apokelewe kwa Projestus. Akija mgeni wake akakalishwa nyumba hii, Nguzo wana haki ya kuamini tena ni yake. Mgeni wa mama kwa mama, wa Projestus kwa Projestus."

Vigelegele vilikatika. Projestus aliyainua macho, akayashusha.

"Yaani mgeni apite mlangoni kwangu asiingie?" aliuliza Kokushubila.

"Apite."

"Watu watasema nini? Watasema tumegombana! Watasema mjane amekuwa mchoyo!"

"Watasema, mama. Lakini utakuwa ndani ya nyumba yako ukiwasikia."

Alifikiri sana. Alilitazama kaburi, akautazama ukuta wake uliochafuliwa. "Haya," alisema. "Haya basi."

Nguzo walikuja na rangi nyeupe, lakini kiutani utani walipaka juu ya herufi tu, kwa hiyo ukiwa mbali, jua likipiga, bado unasoma NYUMBA HII INAUZWA kwa maandishi meupe. Hilo halikumsumbua Kokushubila. Kilichomsumbua ni mengine.

Wageni wa kibanja kile, kumbe, karibu wote walikuwa wa Projestus! Wanunuzi wa kahawa, wanachama wa ushirika, wajomba wa Jovina kutoka Rubafu, katekista anayemdai Projestus zaka. Wake yeye ni binti yake Evelyne, aliyeolewa Mwanza, huja Krismasi. Watu walipita mbele ya mlango wake, wakasalimia kwa kuona haya, wakakata kona kwenda nyuma ya migomba. Jioni alisikia vicheko kule. Alisikia Jovina akisema "karibuni" kwa sauti kubwa ambayo hakujua Jovina anayo. Yeye alikaa na kijikapu mapajani, nyumba ni yake, kaburi ni lake, kochi ni lake, na sebuleni hakuna mtu. Akatoka akaketi kwenye vigae.

"Umesikia, Rwekaza? Nimeiokoa," alisema. "Ila imekuwa kimya. Unisamehe."

Siku moja bodaboda ikasimama njiani, akashuka Kahangwa. Safari hii hakuwa na stuli wala chupa. Kokushubila aliruka, akafuta kochi, akajaza kijikapu, akajitanda kanga vizuri. Kahangwa alifika usawa wa mlango, akavua kofia.

"Mama, habari za hapa?"

"Nzuri, baba! Karibu, karibu ndani!"

Kahangwa alisimama, mguu mmoja mbele. Simanzi ilimwingia usoni.

"Mama, nimekuja kwa Projestus. Kuona kama anarejesha vizuri, ndipo nifunge jalada." Aliinamisha kichwa. "Kipengele cha mwisho nilikiandika mwenyewe."

Akapita. Kokushubila alisimama pale na kijikapu chake mpaka mkono ukauma. Alitaka kumtukana, na tusi lenyewe halikuja. Kilichokuja ni kilio, akakimeza.

Baada ya kitambo Jovina alitokea kwenye migomba, mbio, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Mama Evelyne! Mzee wa ofisi amefunga jalada, amelipiga na muhuri. Ametoa bahasha yake ya kahawa, ameiweka mezani, anasema hatafungua mpaka uje uone, maana ni kahawa yako. Na mimi..." Alishika pindo la kitenge. "Mimi sijui kumkalisha. Nimemkalisha lakini sijui ninaongea nini. Njoo, tafadhali."

"Nije kwako?"

"Ndiyo."

"Kama nani?"

Jovina alifikiri. Walikuwa wameishi kibanja kimoja tangu Jovina awe msichana wa kuolewa, mwiko wao wa jikoni mmoja, kisima kimoja, na swali hilo halikuwahi kutokea.

"Kama mgeni," alisema.

Kokushubila aliingia ndani akavaa viatu. Alijitazama kwenye kioo. Akavuka migomba polepole, kwa heshima zote, akafika mlango ambao hajawahi kuubisha, akaubisha.

"Hodi!"

"Karibu!" walijibu wote kwa pamoja, na Projestus akainuka haraka mpaka kiti kikaanguka. Plasta ilikuwa imefika pande zote. Alikalishwa karibu na dirisha. Jovina alipiga magoti mbele yake na kijikapu kipya, ukindu wake bado wa kijani.

Mkono wa Kokushubila ulinyooka kukipokea ili akawagawie watu, kama ulivyozoea maisha yote. Ukasimama katikati. Kisha ukachota punje mbili.

Kahangwa aliichana bahasha yake. Kahawa ya ndani ilikuwa imeota ukungu, nyeupe tupu. Aliitazama, akamtazama mwenye kahawa, akaitia yote mdomoni akafumba macho.

"Ikoje?" aliuliza Kokushubila.

"Tamu sana, mama," alisema msuluhishi, huku machozi yakimtoka kwa uchungu wa kahawa ile.

Wakatafuna. Dirishani, kupitia migomba, Kokushubila aliona paa la nyumba yake na pembe ya vigae vyeupe. Hakujua kama vinaonekana kutoka huku. Aliongeza sauti kidogo alipoanza kuongea, ili na yule aliyelala kule asikie.